Mtoto wa Mkulima Aliandika Kwamba Baba Yake Ndiye Aliyekausha Ruaha

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha ndani cha vijana, Chimala. Wengi ambao hamkufika mliomba yaandikwe. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu pale nilipojirudia.)

  

Mwenyekiti amenipa mada inaitwa "Akili Mnemba: Fursa na Changamoto". Mwenyekiti wangu, nisamehe, kichwa hicho nimekikataa. Nchi hii kila kitu ni fursa na changamoto. Daraja likizolewa na maji ni changamoto, dawa zikikosekana zahanati ni changamoto. Halafu nina wasiwasi kwamba hata hicho kichwa cha mada kimeandikwa na ChatGPT. Mnacheka, lakini mwangalieni Mwenyekiti anavyoinama.

Mimi sio mtaalamu wa kompyuta. Nina steshenari pale barabarani, mnaijua. Kwa hiyo nitasema ninachokiona nikiwa nyuma ya meza yangu, basi.

Kabla ya 2023 watu walikuja kwangu kuandikiwa. Barua ya kuomba kazi, maelezo binafsi, barua ya malalamiko kwa mtendaji, kadi ya mchango wa harusi. Mtu anakaa kwenye stuli, anasimulia, mimi nachapa. Nalipwa kwa kuchapa na nalipwa kwa kichwa changu, maana barua ya kuomba kazi ina namna yake. Siku hizi kijana anakuja na simu, maneno tayari yako ndani, anasema "kaka, nitolee nakala mbili." Namtolea. Mia mbili kwa karatasi. Kile nilichokuwa nalipwa kwa kichwa changu kimekwenda, kimebaki cha wino. Sikuja kulia hapa, biashara hubadilika, na aliyekuwa anauza kanda za kaseti hapa stendi naye hakulia. Nasema tu ili mjue kwamba habari ya akili mnemba sikuisoma gazetini. Ilikuja dukani kwangu.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya nikubali kusimama hapa.

Mwaka jana alikuja kijana wa kidato cha tatu na kazi ya shuleni, somo la Jiografia. Swali lilikuwa la Kiingereza: eleza sababu za kukauka kwa mto Ruaha Mkuu. Shuleni simu hairuhusiwi, lakini nyumbani kuna simu ya kaka yake, na bando la usiku ni la bei nafuu. Jibu lote lilikuwa kwenye simu. Kurasa tatu, Kiingereza kimenyooka utadhani kimepigwa pasi. Nikatoa nakala, na kwa sababu umeme ulikuwa unasumbua na mashine inakwenda polepole, nikawa nasoma.

Sababu ya kwanza, wakulima wadogo wa Usangu wanachepusha maji kwa mifereji ya kienyeji isiyo na ufanisi. Sababu ya pili, wafugaji na mifugo mingi kupita kiasi. Ya tatu, ukataji wa miti. Ya nne, wananchi kukosa elimu ya mazingira. Na mwisho kulikuwa na mapendekezo: wananchi wahamishwe kutoka maeneo oevu.

Nikamuuliza, "Baba yako analima wapi?" Akanitajia mfereji. Mnaujua wote, siutaji kwa sababu nikiutaja mtamjua mtoto. Baba yake ni mmoja wa watu wanaousafisha ule mfereji kila mwaka kwa mikono, kabla ya msimu wa mpunga. Nikamwambia, "Unajua hapa umeandika kwamba baba yako ndiye aliyekausha Ruaha, na kwamba anatakiwa ahamishwe?" Akaniangalia. Hakuwa amesoma, jamani. Kiingereza chenyewe kilikuwa kigumu, angesomaje? Alinakili kwa mkono usiku ule ule, akapeleka. Alipata 17 kati ya 20.

Sitaki mtu atoke hapa akasema nimemshambulia mwalimu. Mwalimu yule ana darasa lililojaa mpaka dirishani na madaftari ya kusahihisha ambayo hata mimi nisingeyabeba. Alikuta Kiingereza kizuri, akatoa alama. Wala simlaumu mtoto. Na nitawashangaza, hata mashine siilaumu sana.

Kwa nini? Hii mashine haijui Ruaha. Haijawahi kusimama kwenye jaruba. Imelishwa maandishi mengi kuliko maktaba yoyote, na kazi yake ni kukisia neno gani linafuata neno gani, kwa kadiri ya yale iliyoyasoma. Ukiiuliza kuhusu Usangu itakupa kile kilichoandikwa mara nyingi kuhusu Usangu. Swali ni moja tu: nani aliandika kuhusu Usangu?

Waliandika maofisa, wafadhili, watu wa hifadhi na waandishi waliokuja siku mbili na gari lenye kiyoyozi. Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka kabisa wakati wa kiangazi kule hifadhini, mwaka 1993, na umeme wa Mtera na Kidatu ukawa wa mgao, taarifa nyingi zilielekeza kidole huku juu, kwetu. Wapo watafiti waliokuja baadaye wakaonyesha kwamba mgao ule ulichangiwa pia na jinsi bwawa la Mtera lilivyoendeshwa, lakini hilo haliimbwi. Mwaka 2006 wafugaji wakaondolewa Ihefu. Mwaka 2008 likatoka Tangazo la Serikali namba 28, mpaka wa Hifadhi ya Ruaha ukasogea ukameza ardhi ya vijiji, na mpaka 2023, lilipotoka lile la 754, watu wa Mbarali bado walikuwa wanauliza wako ndani au nje ya hifadhi. Kila tukio hapo lina makaratasi yake. Na kwenye makaratasi mengi sisi ni "tatizo".

Mnisikilize vizuri, sisemi hatuchepushi maji. Tunachepusha, ndiyo kilimo cha mpunga kilivyo, na kiangazi wapo wanaochukua kuliko haki yao mpaka jirani wa chini anakosa. Hilo tuliseme wenyewe. Lakini lile jibu la kurasa tatu halikutaja hata mara moja mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga, yaliyojengwa na serikali na baadaye kuuzwa kwa wawekezaji. Mkulima wa ekari mbili ametajwa mara saba. Nilihesabu, umeme ulikuwa unasumbua nikawa na muda.

Kwa hiyo mtoto wa Chimala anaamka, anauliza mashine kuhusu nyumbani kwao, anajibiwa kwa maneno ya waliomshtaki baba yake, anayanakili, anapewa alama. Hukumu ile ile, safari hii imeandikwa kwa mkono wa mtoto wa mshtakiwa.

Lakini tusijidanganye kwamba hili limeletwa na ChatGPT. Mashine imekuta shule iko tayari kwa ajili yake. Sisi tumesoma kwa kukariri. Mwalimu anaandika ubaoni, tunanakili, mtihani unakuja, tunamrudishia maneno yake. Chuoni ni madesa, desa la mwaka juzi linahamia mwaka huu na makosa yake. Mwalimu Nyerere aliliandika hili mwaka 1967 kwenye Elimu ya Kujitegemea, kwamba mitihani yetu inapima uwezo wa kukumbuka na sio uwezo wa kufikiri. Karibu miaka sitini imepita. Mimi sio wa chama chake, lakini hapo mzee alisema kweli, na waliorithi kiti chake ndio waliokaa juu ya maneno hayo mpaka leo.

Juu ya kukariri, weka lugha. Mtoto anasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta mambo yote yamegeuka Kiingereza. Mnakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yale yaliyotangazwa mwanzoni mwa 2013? Zaidi ya asilimia 60 walipata divisheni ziro, mpaka serikali ikayafuta na kuyapanga upya. Miaka ile magazeti yaliandika kuhusu watahiniwa waliojaza karatasi za majibu kwa mistari ya bongo fleva na vikatuni. Nchi nzima ikacheka. Mimi mpaka leo sicheki. Yule mtoto aliulizwa kwa lugha asiyoijua, akaandika kitu pekee alichokuwa nacho kichwani ambacho ni chake kweli. Leo mtoto wa namna hiyo hataandika bongo fleva. Ataandika Kiingereza cha mashine, na hakuna atakayejua kwamba hajaelewa. Ziro ile angalau ilipiga kelele. Hii ya sasa ni ziro iliyovaa suti.

Sera ya elimu ya 2014 iliahidi Kiswahili kifundishie ngazi zote. Toleo la 2023 likarudisha Kiingereza kuanzia sekondari. Nimewahi kumsikia mtu akisema tusihangaike, mashine itatafsiri. Itatafsiri kwa mwenye simu, mwenye bando, siku ambayo kuna mtandao. Na siku zile za Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa, mnajua ni siku gani nazungumzia, sitazirudia hapa kwa sababu humu ndani wapo waliofiwa. Nasema tu kwamba akili iliyowekwa kwenye bando inaweza kuzimwa na mtu mmoja ofisini.

Nigusie kidogo watu wa sanaa, maana naona vijana wa studio mmekaa nyuma.

Mabango yamekwenda, hilo mnalijua kuliko mimi. Bango la tamasha, la kanisa, la mgombea, mtu anaiambia simu "nichoree", inachora. Inamchorea mama wa Kisangu akiwa na mavazi ambayo hakuna mama wa Kisangu amewahi kuvaa, na mpunga unaofanana na ngano, lakini ni bure, na mteja haoni tofauti. Nyimbo nazo zinatungwa, sauti ya mtu inaigwa. Tuna Sheria ya Hakimiliki ya 1999 na tuna COSOTA, lakini sheria hiyo iliandikwa wakati adui alikuwa mtu anayerudufu kanda. Anayemeza nyimbo elfu moja ili atoe ya elfu na moja isiyofanana na hata mojawapo, sheria ile haikumuona akija. Vijana wetu wanaosoma sheria, hapo kuna kazi. Msiniletee tamko, nileteeni rasimu ya kifungu.

Na hizo mashine zinazojifanya safi zilisafishwa na watu. Jarida la TIME liliandika Januari 2023 kuhusu vijana wa Nairobi waliokuwa wakisoma, kwa niaba ya OpenAI kupitia kampuni inaitwa Sama, maandishi ya unyama ambao siwezi kuutaja mbele ya wazee, ili mashine ifundishwe kuukwepa. Waliambulia chini ya dola mbili kwa saa. Mei mwaka huo huo zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Kwa hiyo msiseme Afrika Mashariki haimo kwenye akili mnemba. Imo. Imo jikoni, inaosha vyombo.

Kitu kimoja zaidi kwa wasanii, nakisema kwa sauti ya chini. Mashine ikichora picha inayomkera mkubwa, haikamatwi mashine. Mnamkumbuka kijana mchoraji wa Rungwe, hapo jirani tu. Julai 2024 alihukumiwa kwa video ya kuchoma picha ya Rais, watu wakachanga mtandaoni milioni tano ya faini, akatoka. Agosti akachukuliwa na watu wasiojulikana. Tangu hapo familia yake inasubiri. Kwa hiyo mtu akikutumia picha ya kuchekesha ya kiongozi iliyotengenezwa na mashine, akakwambia "sambaza, sio wewe uliyechora", fikiri mara mbili. Tunataka uhuru wa kuchora, na tutaudai. Lakini ujasiri uwe wa kwako, usikopeshwe na simu.

Sasa mtaniuliza, kwa hiyo tusiitumie? Tuitumie! Mimi naitumia kila siku. Wakenya walituonyesha Juni 2024. Muswada wa Fedha ulikuwa mnene, umeandikwa kwa lugha ya kuchosha makusudi, na vijana wakatengeneza programu ya kuuliza maswali kuhusu muswada huo na kupata jibu la kueleweka. Wengine wakautafsiri kwa lugha za makabila yao. Mtu wa kawaida akajua mkate utapanda kiasi gani kabla mbunge wake hajajua. Hapo mashine ilifanya kazi yake halali, kumsomea mnyonge karatasi ya mkubwa.

Na sisi tuna karatasi za wakubwa. Ripoti ya CAG inatoka kila mwaka, mamia ya kurasa, na Mbarali imo. Bajeti ya halmashauri ipo. Ipe mashine, iambie ikuonyeshe ukurasa, halafu NENDA KWENYE UKURASA. Nasisitiza kwa sababu imeshaniaibisha. Niliiuliza kuhusu Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, ikanitajia kifungu kizuri sana, kinachotupendelea kabisa, nikakinukuu mbele ya watu. Kifungu hakipo. Ilikitunga kwa heshima zote, bila kupepesa macho.

Aibu ya pili ni yetu sote, na Mwenyekiti ameniruhusu niiseme. Lile tamko letu la maji. Tuliliandika kwa dakika nne, mnakumbuka? "Tunatoa wito kwa wadau wote kushirikiana katika usimamizi endelevu wa rasilimali za maji." Nikalisoma mimi, kwa sauti ya kishindo, kwenye mkutano. Nilipomaliza, bibi mmoja akanyoosha mkono. "Mwanangu, umesoma vizuri. Mfereji gani?" Nikatazama karatasi. Kurasa mbili, hakuna jina la mfereji, hakuna jina la kitongoji, hakuna tarehe ambayo maji yalikatika, hakuna jina la aliyefunga lango. Bibi akasema tena, polepole, kama anayemsaidia mtoto: "Mfereji gani, baba?" Nilikaa chini. Tungeweza kulisoma tamko lile Tanga, au Ufilipino, na lingefaa vile vile.

Tazameni sasa karatasi ya namna nyingine ilivyofanya. Mwaka 2023 wananchi wa maeneo yanayopakana na Hifadhi ya Ruaha walipeleka malalamiko kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia kuhusu mradi wa REGROW, wa dola milioni 150. Walieleza nani alifanywa nini, wapi na lini. Aprili 2024 Benki ikasimamisha fedha. Novemba mwaka huo mradi ukafutwa. Walisaidiwa, ndiyo, na watu wa nje. Lakini kilichobeba mzigo ni maelezo ya watu wenyewe. Na leo mtoto akiiuliza mashine kuhusu Ruaha kwa maswali mazuri kidogo, maelezo hayo yanatokea, kwa sababu sasa yameandikwa.

Ndiyo maana nimewaita wazee. Tawi letu litafanya kazi moja mpaka msimu ujao wa mpunga, na haihitaji fedha ya makao makuu. Tunaandika mifereji. Kila mfereji wa Chimala mpaka Igurusi, nani aliuchimba, mwaka gani, maji yanagawanywaje, nani alinyang'anywa nini. Kwa Kiswahili. Mzee akitaka kusema Kisangu au Kibena, mrekodi kwa simu, tutaandika vile vile. Mashine itusaidie kuchapa, na mahali pa kuchapa pa bure ni kwangu, mpaka wino uniishie. Tukimaliza tunapeleka nakala shuleni, kwa mwalimu wa Jiografia, ili mwakani akiuliza tena lile swali mtoto awe na kitu cha kunakili kutoka nyumbani. Hata kunakili, anze hapo.

Na tumeshaanza. Wiki iliyopita nilimwomba baba wa yule kijana aje. Sikumwambia habari ya alama 17. Alikuja na kofia mkononi, akakaa kwenye ile stuli wanayokaa wateja wangu wa zamani, akaanza kusimulia, mwanawe ndiye anachapa. Walichimba kwa majembe, misimu miwili, wanawake wakipika ugali kwenye ukingo. Baada ya dakika kumi akamsimamisha mwanawe.

"Hapo umeandika nini?"

"Nimeandika 'tulichimba', baba."

"Usiandike 'tulichimba'. Andika majina."

Amevitaja vichwa kumi na vinne, tisa kati yao wameshatangulia. Yapo kwenye daftari, ukurasa wa kwanza. Jumamosi saa tisa alasiri tunaendelea, pale pale steshenari. Mje na kalamu, na kila mmoja aje na mzee wake.